Asiyeambiwa kwamba atafukuzwa nchini hajakiri kosa

Hakimu wa Kibondo au Kasulu anayepokea jibu la "ni kweli" kutoka kwa mshtakiwa ambaye uraia wake unatiliwa shaka, au anayeishi nchini kwa hifadhi ya ukimbizi, bila kwanza kuhakikisha kwamba mtu huyo anajua jibu lake linaweza kumwondoa Tanzania, hajapokea kukiri kosa. Amepokea sauti ya mtu anayetaka kutoka lokapu. Hukumu inayosimamishwa juu ya sauti hiyo ni hukumu mbovu, na gazeti hili halitaiita jina jingine.

Utaratibu wenyewe anaujua kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya katika nyanda za juu za Kigoma. Mtu amekamatwa kwenye kizuizi cha barabara, au gulioni, au shambani alikokuwa akilima kibarua. Amelala lokapu. Anapandishwa kizimbani, anasomewa hati ya mashtaka: yupo nchini isivyo halali, au ametoka kambini bila kibali, au amekutwa na bangi, au na nyamapori ya pori la Moyowosi, au ameiba mbuzi. Anaulizwa kama ni kweli. Kabla ya kuulizwa ameshapewa ushauri, nao ni ule wa korido: kiri tu, utapigwa faini urudi kwako, ukikana utakaa mahabusu ukisubiri upelelezi ukamilike. Anakiri. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, mshtakiwa anayakubali, anatiwa hatiani, anaomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ana watoto na hili ni kosa lake la kwanza. Ndugu wanachangishana faini.

Ushauri huo wa korido unaishia kwenye faini. Haumwambii kwamba faini ni mwanzo wa safari nyingine inayoanzia kwenye jalada la Uhamiaji. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inaipa Serikali mamlaka ya kumwamuru mgeni aondoke nchini, na mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwamba yupo nchini isivyo halali ameshamaliza kazi yote ya kuthibitisha ugeni wake. Hakuna shahidi aliyeitwa. Hakuna mzee wa kijiji aliyeulizwa. Karatasi ya mahakama inatosha. Aliyelipa laki kadhaa akidhani amenunua njia ya kurudi nyumbani amelipia njia ya kuelekea mpakani.

Katika mkoa mwingine jambo hili lingewagusa wageni wachache wanaopita. Kibondo na Kasulu linamgusa yeyote. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani kiasi kwamba Muha wa Mabamba na Mrundi wa upande wa pili wa mpaka wanaelewana bila mkalimani. Mpaka wenyewe ni wa juzi: baada ya Wajerumani kuondolewa, Wabelgiji walikalia Kigoma na Buha yote hadi mwaka 1921 walipowaachia Waingereza, na ukoo uliokuwa umetanda pande zote mbili ukajikuta na serikali mbili. Kisha zikaja nyakati za damu. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji ya kwao, na wengine hawakufika kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walipokelewa vijijini Kigoma, wakapewa ardhi, wakaoa, wakazikwa huku. Wakaja wa mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Wakongo wakafuata mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya Kibondo, na mwanzoni mwa 2016 Mtendeli ikafunguliwa upya Kakonko.

Kila wimbi la kupokea lilifuatwa na wimbi la kusomba. Mwaka 1997 jeshi lilipita vijijini Kigoma kuwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, na miongoni mwa waliokusanywa walikuwamo watu waliokaa hapa miongo miwili na zaidi, wenye wake na waume Watanzania. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika Kagera, Geita na Kigoma, na tena wakajitokeza watu waliolia kwamba wao ni raia, wanafukuzwa kwao kupelekwa wasikokujua. Wabunge wa Kigoma wamelisema bungeni zaidi ya mara moja kwamba wananchi wao wanaishi kama watuhumiwa wa uraia. Mtu aliyekulia katika historia hii anapokamatwa hana uhakika na karatasi zake hata kama ana uhakika na kaburi la babu yake.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi, kwa sababu ndipo uonevu mkubwa ulipo na ndipo sheria iliyopo inavunjwa bila mtu kupiga kelele.

Chukua kijana wa Heru Ushingo au Kitanga. Alizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, cheti cha kuzaliwa hana. Namba ya NIDA amefuatilia, akaambiwa arudi na vyeti vya wazazi, nao hawana. Bibi yake mzaa mama alitoka ng'ambo. Anakamatwa njiani, anaulizwa karatasi, anajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha ambayo ofisa aliyetoka mkoa wa mbali hawezi kuitofautisha na ya Kirundi. Anashtakiwa kuwapo nchini isivyo halali. Anashauriwa akiri. Je, amekiri nini? Yeye anadhani amekiri kwamba hana kitambulisho, jambo ambalo ni kweli. Jalada linasema amekiri kwamba si raia wa Tanzania, jambo ambalo si kweli na ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kutokuwa na kitambulisho si kosa la kuwapo nchini isivyo halali. Kosa hilo lina nguzo zake, na nguzo ya kwanza kabisa ni kwamba mshtakiwa si raia. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaeleza mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, namna kukiri kosa kunavyopokewa: shtaka na kila nguzo ya kosa vielezwe kwa mshtakiwa katika lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka, mwendesha mashtaka aeleze mambo yenyewe yalivyotokea, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua, na akisema neno lolote linaloleta shaka juu ya hatia yake, iandikwe kwamba amekana. Mahakama zetu zimeufuata mwongozo huo kwa zaidi ya nusu karne. Basi mwongozo huo ukifuatwa Kasulu, hakimu atamuuliza kijana huyo: umezaliwa wapi? Wazazi wako ni nani, walizaliwa wapi? Siku atakayojibu kwamba amezaliwa Kitanga na baba yake ni wa Kitanga, kukiri kumekufa palepale, hata kama ametamka "ni kweli" mara kumi. Hakimu anapaswa kuandika kwamba mshtakiwa amekana, na Jamhuri ianze kazi ya kuleta ushahidi.

Maswali hayo mawili hayagharimu chochote. Hakimu asiyeyauliza hana kisingizio.

Tunajua jibu linalotolewa: aliyeonewa akate rufaa. Jibu hilo linasahau kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imemfungia rufaa mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mahakama Kuu ililegeza mlango huo katika shauri la Laurence Mpinga la mwaka 1983 iliposema aliyekiri anaweza kusikilizwa endapo kukiri kwake hakukuwa kamili au kulikuwa na utata, au alikiri kwa makosa au kwa kutoelewa, au hati ya mashtaka haikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au mambo aliyoyakubali hayatoshi kisheria kumtia hatiani. Ni mlango wa haki. Lakini unafunguliwa Mahakama Kuu, mjini Kigoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo, kwa mtu ambaye huenda ameshavushwa Manyovu au Mabamba kabla ya muda wa kuleta rufaa kwisha. Kumwambia mtu aliyekwisha kuvushwa mpaka kwamba anayo haki ya rufaa ni kumdhihaki.

Gazeti hili linaamini msingi ule wa "kutoelewa" unatosha kumbeba mshtakiwa ambaye hakujua kwamba kukiri kwake kutamfukuzisha. Mtu anayekubali faini akiamini ndiyo mwisho wa jambo, kumbe amekubali kupoteza nyumba, shamba na watoto, hakuelewa alichokikubali. Wapo mawakili watakaosema kufukuzwa nchini ni hatua ya kiutawala inayochukuliwa na Serikali, si sehemu ya adhabu, kwa hiyo haimhusu hakimu. Tofauti hiyo inaonekana kwenye vitabu tu. Kwa mama wa Makere ambaye mumewe amepelekwa ng'ambo, faini ndiyo iliyokuwa jambo dogo.

Hoja hiyo ya vitabu imeshashindwa katika mahakama nzito kuliko zetu. Machi 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Jose Padilla dhidi ya Jimbo la Kentucky. Padilla alizaliwa Honduras, alikuwa ameishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40, amelitumikia jeshi la nchi hiyo wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa na bangi kwenye lori alilokuwa akiendesha. Wakili wake alimwambia asihofu habari za uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Kosa alilolikiri lilikuwa la aina ambayo sheria yao inamfukuza mgeni karibu bila mjadala. Majaji watano kati ya tisa walisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake asiye raia kama kukiri kosa kunamweka katika hatari ya kufukuzwa, na kwamba wakili aliyekaa kimya au aliyedanganya ameshindwa kazi yake chini ya Katiba. California ilishawataka mahakimu wake watoe onyo hilo wao wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema mwaka 2018, katika shauri la Wong, kwamba mshtakiwa asiyejua athari za kukiri kwake katika ukaazi wake hakukiri akiwa na taarifa kamili, ingawa ilimtaka pia aonyeshe kwamba angejua angeamua vingine.

Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Kibondo, nasi hatumwombi azinukuu. Tunamwomba aone kwamba nchi zenye mashauri ya wageni mengi mno kuliko yetu zimeshindwa kuendelea kujifanya hazioni.

Tena hatuna haja ya kwenda Kentucky. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, na imeshaihukumu nchi yetu juu ya jambo hilihili la uraia. Anudo Ochieng Anudo alikuwa na cheti cha kuzaliwa, pasipoti na kadi ya mpiga kura vya Tanzania. Alikwenda polisi mwaka 2012 kwa habari za ndoa yake, akaishia kunyang'anywa pasipoti, na mwaka 2014 akasukumwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi kwenye kipande cha ardhi kati ya nchi mbili kule Sirari. Machi 2018 Mahakama hiyo ilisema kwamba Serikali, iliyokuwa ikidai nyaraka zake si halali, ndiyo iliyokuwa na mzigo wa kuthibitisha dai hilo. Ikasema amefukuzwa kiholela na hakusikilizwa. Novemba 2019, katika shauri la Robert John Penessis, aliyekamatwa mwaka 2010 na kukaa muda mrefu katika gereza la Butimba huku akisema mama yake ni Mtanzania, Mahakama ileile iliona haki yake ya uraia na ya uhuru imevunjwa.

Watu hao wawili walipigana. Walikuwa na karatasi, walikuwa na ulimi, walikuwa na ukaidi wa kulifikisha jambo lao Arusha. Kijana wa Kitanga aliyekiri hana hata kimoja, kwa sababu kukiri kwake kumefuta swali kabla halijaulizwa.

Upande wa wakimbizi jambo lina sura nyingine, nayo si nyepesi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilotengewa na asitoke bila kibali. Anayetoka ametenda kosa. Lakini mwanamke wa Nduta hatoki kwa kiburi. Anatoka kutafuta kuni, anatoka kulima kibarua katika shamba la Mtanzania ambaye naye anamhitaji kwa palizi, anatoka kuuza sehemu ya mgawo wake ili anunue chumvi na sabuni. Kwa kosa la namna hiyo, kukiri kunaweza kuwa ndiyo njia bora kwake, na hatusemi kila mkimbizi akane kila shtaka. Tunasema ajue. Aambiwe kwamba kosa hili adhabu yake ni hii, na kwamba kumbukumbu yake itakwenda wapi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye makosa mazito. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Ibara ya 33 ya mkataba huohuo inaiondoa kinga hiyo kwa mkimbizi aliyetiwa hatiani kwa hukumu ya mwisho kwa kosa zito na ambaye ni hatari kwa jamii. Maana yake ni kwamba kukiri unyang'anyi wa kutumia silaha, au kukutwa na bunduki, kunaweza kumvua mkimbizi kinga ya kutorudishwa mikononi mwa waliomkimbiza. Vijana wanne wakikamatwa pamoja, mmoja akiwa na silaha, na wote wakakiri kwa sababu wameambiwa watapunguziwa kifungo, wale watatu wameweka rehani jambo zito kuliko kifungo. Na tangu Januari 2017, Serikali ilipoacha kuwapokea Warundi kwa mkupuo na kuanza kumpima mmojammoja, doa lolote kwenye jalada lina uzito ambao halikuwa nalo kabla.

Wapo pia waliopewa uraia. Mwaka 2010 Serikali iliridhia maombi ya Warundi 162,156 wa mwaka 1972, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Ni tendo la ukarimu ambalo mataifa machache duniani yamelifanya, na nchi hii ina haki ya kulijivunia. Lakini uraia wa kuandikishwa si sawa na wa kuzaliwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inaruhusu uvuliwe kwa sababu kadhaa, na kifungo cha gerezani katika miaka ya mwanzo ni mojawapo. Anayeomba uraia wa kuandikishwa leo anatakiwa athibitishe tabia njema. Kukiri wizi mdogo ili kuepuka wiki mbili za mahabusu kunaweza kumfungia maombi hayo. Nani alimwambia?

Mwaka 2019 Bunge liliingiza katika sheria yetu utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na Jamhuri. Ni utaratibu mzuri, umepunguza mlundikano, umewarudisha watu majumbani. Unaitaka mahakama ijiridhishe kwamba mshtakiwa amekubali kwa hiari yake na anaelewa haki anazoziacha. Haki hizo zimetajwa. Uraia, ukaazi na ukimbizi havikutajwa. Katika mkoa kama Kigoma pengo hilo ni kubwa kuliko jengo la mahakama lenyewe, na kadiri utaratibu huu unavyozoeleka ndivyo watu wengi zaidi watakavyopita ndani yake bila kujua.

Kuna na suala la lugha, ambalo halipewi uzito unaostahili kwa sababu tu Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kwa sheria tangu mwaka 2021. Tulilishangilia badiliko hilo na bado tunalishangilia. Lakini bibi wa kijijini Kibondo, sembuse Mrundi aliyefika juzi au Mkongo azungumzaye Kibembe, anaweza kuitikia kila asemalo hakimu kwa heshima bila kuelewa nusu yake. Heshima ya mtu wa kijijini mbele ya mkubwa ni kuitikia. Mkalimani anayetolewa miongoni mwa askari waliomkamata mshtakiwa, au maofisa waliomhoji, si mkalimani wa mahakama. Hakimu anayemkubali amekubali upande mmoja wa shauri uzungumze kwa vinywa viwili.

Tumeyasikia yanayosemwa dhidi ya msimamo huu. Wapo wanaotukumbusha miaka ambayo magari kati ya Kibondo na Kasulu yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi, silaha zilipokuwa zikivuka mpaka na majambazi wakivamia abiria. Hatujasahau, waliouawa walikuwa ndugu zetu na wateja wa magulio yetu. Mhalifu aliyevuka mpaka kuja kuua na kupora ahukumiwe, afungwe, na akimaliza aondolewe. Hakuna mstari katika tahariri hii unaomtetea. Lakini mhalifu huyo hapatikani kwa kumkirisha mlima maharage. Kila jalada la uongo linalofungwa kwa "ni kweli" linampa ofisa takwimu na kumwacha jambazi msituni. Wengine wanasema mahakimu wamezidiwa, wakiongeza maelezo kwa kila mshtakiwa mashauri hayataisha. Dakika tano kwa mtu anayeweza kupoteza nchi ni nyingi?

Kinachotakiwa kifanyike hakihitaji fedha za wahisani. Jaji Mkuu atoe waraka kwa mahakimu wote, kuanzia na mikoa ya mpakani, kwamba kabla ya kupokea kukiri kosa kwa mtu yeyote, na tunasisitiza yeyote ili asitengwe Muha kwa lafudhi yake, hakimu amweleze kwa lugha anayoielewa kwamba kama si raia, au ni raia wa kuandikishwa, au ni mkimbizi, kukiri kunaweza kusababisha aondolewe nchini, anyimwe uraia au apoteze hifadhi. Na maelezo hayo pamoja na jibu la mshtakiwa yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Kanuni za makubaliano ya kukiri ziongezewe ibara hiyohiyo. Mkurugenzi wa Mashtaka awaagize waendesha mashtaka wasisome maelezo ya kosa ya kuwapo nchini isivyo halali ambayo hayasemi mshtakiwa ni raia wa nchi gani na hilo limejulikanaje. Uhamiaji isimwondoe mtu yeyote aliyekiri kabla muda wa rufaa haujakwisha.

Kwa mawakili tuna neno zito zaidi, kwa sababu wao wana mteja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hakimu uwezo wa kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapodai. Haki inadai hivyo kila siku Kibondo na Kasulu, na mahakimu wautumie uwezo huo. Lakini wakili anayepewa kazi hiyo akakutana na mteja wake kizimbani kwa mara ya kwanza, akamnong'oneza akiri, akaondoka bila kumuuliza amezaliwa wapi na anaishi kwa karatasi gani, hastahili joho alilovaa. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kiliweke jambo hili katika mafunzo yake na kiwawajibishe wanaolipuuza. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafikishia wanavijiji elimu ya mirathi, ndoa na ardhi. Ikija tena huku, ifike lokapu. Wasaidizi wa kisheria wa vijijini, ambao mara nyingi ndio pekee wanaofika kituoni kabla ya mahakama, wafundishwe swali moja la kuanzia: uraia wako ukoje?

Ibara ya 13(6) ya Katiba inamhakikishia kila mtu, na haikusema kila raia, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mahakama za Kibondo na Kasulu zimekuwa zikiwasikiliza watu nusu. Hilo ndilo tunalozihukumu nalo, na hatutalirudisha nyuma hadi kumbukumbu za mashauri zionyeshe vingine.

Na wewe msomaji wa Mabamba, Makere, Kitanga au Heru Ushingo: ukikamatwa wewe au nduguyo, usikubali kujibu shtaka kabla hujasema mbele ya hakimu ulipozaliwa na wazazi wako ni nani, na umwombe ayaandike. Sema kama huielewi lugha inayotumika. Omba msaada wa kisheria kwa sauti. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na mzee anayeujua ukoo wenu waje wamejiandaa kutoa ushahidi. Na kama umeshakiri bila kuelewa, taarifa ya nia ya kukata rufaa inatakiwa itolewe ndani ya siku 10 tangu siku ya hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.